Usimamizi wa miungano ya kampuni za simu: tathmini ya wakala wa Mbeya

Tathmini nyingi za huduma za simu zinazoandikwa hapa nchini huhusu bando, kasi ya intaneti au lugha ya wahudumu wanaopokea malalamiko. Hii inahusu huduma ambayo haiuzwi kwa vocha, ingawa kila mwenye laini anaichangia: kazi ya dola ya kuuchunguza muungano wa kampuni za simu, kisha kuuruhusu, kuuwekea masharti au kuuzuia. Nasema tunaichangia kwa sababu Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) hutegemea ada na tozo inazokusanya kwa kampuni zenye leseni, na kampuni hizo hazina pa kuzitoa fedha hizo zaidi ya mifuko ya wateja wao. Mimi ni wakala wa fedha za mtandao jijini Mbeya. Kazi hii humlazimu mtu kuwa na laini za kampuni zote juu ya meza moja, hivyo kampuni mbili zinapoungana, au moja inapopata mwenyewe mpya, wakala huliona jambo hilo kwenye menyu ya simu yake kabla mteja hajalielewa.

Niseme mapema kwamba naipa huduma hii nyota tatu kati ya tano. Mawakala wenzangu wengi wa Mwanjelwa wangeipa moja, kwa kuwa wanaamini kwamba wakubwa wakishakubaliana hakuna ofisi itakayowazuia, na kwamba kibali ni muhuri tu wa kuhalalisha yaliyokwisha kuamuliwa. Siafikiani nao. Nimesoma sheria, nimefuatilia miungano iliyopita, na ninaona kwamba kazi imefanyika. Lawama yangu ni kwamba hufanywa kwa kuitazama nchi nzima kwa jumla, wakati mteja wa simu anaishi katani na hununua huduma ya mnara uliopo karibu naye.

Kwa utaratibu uliopo, muungano wa kampuni za simu hupita mikononi mwa wasimamizi zaidi ya mmoja. Yupo Tume ya Ushindani (FCC), aliyezaliwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambaye huliangalia soko bila kujali kama kinachouzwa ni saruji, bia au dakika za maongezi. Yupo TCRA, iliyoanza kazi Novemba 2003 kwa kuunganisha tume mbili za awali, ya mawasiliano na ya utangazaji, na ambayo chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ndiyo inayotoa leseni na kugawa masafa, hivyo leseni haihami kutoka mkono mmoja kwenda mwingine bila ridhaa yake. Kisha ipo Benki Kuu, ambayo wateja wengi huisahau, ingawa tangu ipitishwe Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 biashara ya fedha za mtandao imekuwa na leseni yake. Na kwa mkulima wa kahawa wa Mbozi anayelipwa kwa simu, hiyo ndiyo sehemu ya muungano inayomgusa kuliko nyingine zote.

Katika utatu huo, nguvu kubwa ya kuzuia iko kwa FCC. Sheria haisubiri madhara yatokee ndipo iingilie. Mauzo au mali za wahusika zikivuka kiwango kilichowekwa, ambacho kwa amri ya mwaka 2017 kilikuwa shilingi bilioni 3.5, muungano lazima uarifiwe Tume kabla haujatekelezwa, na hakuna kampuni ya simu yenye minara hata katika mikoa mitatu inayoweza kudai kwamba iko chini ya kiwango hicho. Tume huwa na siku 14 za kuamua kama itafanya uchunguzi wa kina. Ikiamua kufanya, hupata siku 90 nyingine zinazoweza kuongezwa 30, na kwa muda wote huo wahusika hawaruhusiwi kuunganisha chochote. Anayekiuka anaweza kutozwa faini inayofikia asilimia 10 ya mauzo yake ya mwaka. Kwa upande wa muda, mimi sina malalamiko: siku hizo zinatosha kumfikiria mteja, kama wachunguzi wanataka kumfikiria.

Kigezo chenyewe ni kwamba muungano unakatazwa ukitengeneza au ukiimarisha nguvu ya kuhodhi soko, na sheria ilipotungwa iliweka mstari kwenye asilimia 35 ya soko, sharti likiwa kwamba mwenye sehemu hiyo awe pia na uwezo wa kubana ushindani kwa faida yake na kwa muda mrefu. Kwa hali ya sasa mstari huo haujawa nadharia tu. Vodacom, Yas (zamani Tigo) na Airtel zinakimbizana kwa karibu, kila moja ikishika kati ya robo na theluthi hivi ya laini zote nchini, Halotel iko nyuma yao na TTCL iko mbali zaidi. Yeyote mwenye kikokotoo anaona kwamba zozote mbili kati ya zile tatu kubwa zikiungana leo zitauruka mstari huo kwa mbali, na kwamba muungano pekee unaoweza kupita bila mabishano makubwa ni ule wa kampuni kubwa kuimeza ndogo.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Tigo na Zantel, muungano ambao ndio kipimo changu kikuu katika tathmini hii. Mwaka 2015 kampuni ya Millicom, iliyokuwa ikimiliki Tigo, ilinunua asilimia 85 ya hisa za Zantel kutoka Etisalat kwa dola 1 ya Marekani pamoja na kubeba madeni, huku Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ikibaki na asilimia 15. Bei hiyo ilichekwa sana vijiweni, lakini aliyewahi kukabidhiwa duka pamoja na madeni ya wauzaji wa jumla anaielewa hesabu yake. Kwa miaka kadhaa majina yote mawili yaliendelea kuonekana mitaani, hadi mwaka 2019 kampuni hizo zilipounganishwa rasmi. Mwaka 2021 Millicom ikatangaza kuiuza biashara yake ya Tanzania kwa kundi la wawekezaji lililoongozwa na Axian, yenye asili ya Madagaska, na mauzo yakakamilika Aprili 2022 baada ya kupita kwa wasimamizi. Novemba 2024 jina la Tigo likaondolewa, ikaja Yas, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas.

Kwa mtu wa Mbeya, matokeo ya safari hiyo ndefu yalikuwa na upande mzuri ambao ni lazima usemwe. Namba za 077 zilizokuwa za Zantel hazikufutwa, na waliokuwa nazo huku, ambao hawakuwa wengi kwa kuwa mizizi ya kampuni hiyo ilikuwa zaidi Zanzibar, hawakulazimishwa kuanza upya na namba ngeni. Jina lilipobadilika mwishoni mwa 2024, wateja walinijia wakiuliza kama fedha zao zimehama. Zilikuwa palepale, na kazi yangu ilikuwa kuwaonyesha menyu. Umri wa jina si jambo la kumpa mteja wasiwasi katika nchi hii. Mtandao ulioanza kama Mobitel mwaka 1994 umekuwa Buzz, ukawa Tigo, na sasa ni Yas. Ulioanza kama Celtel umekuwa Zain na kisha Airtel. Na wazee wa Tukuyu bado humwomba wakala awawekee fedha "kwenye Celtel" bila mtu kupata hasara.

Sasa nije kwenye nyota mbili nilizozizuia.

Sheria ya Ushindani inalitafsiri soko kuwa ni soko la Tanzania au la sehemu ya Tanzania. Nafasi hiyo imo ndani ya sheria tangu mwanzo, wala hahitajiki mbunge kuibadilisha. Hata hivyo, mazungumzo yote ya hadhara kuhusu muungano wa kampuni za simu hufanyika kwa asilimia za taifa, na takwimu za robo mwaka za TCRA, ambazo nazisoma na kuzithamini, hunipa mgawanyo wa kampuni kwa nchi nzima. Kwa mkazi wa Kariakoo, takwimu ya taifa ni picha ya karibu na ukweli, kwa sababu mitandao yote inashika pale alipo. Kwa mkazi wa Nyanda za Juu Kusini ni tofauti kabisa. Mawimbi ya simu hayapendi milima, na huku milima haituishii: safu ya Uporoto, Rungwe, Livingstone inayoporomoka hadi Ziwa Nyasa, mabonde ya Makete na Ileje. Kijiji kinaweza kuwa na mtandao mmoja wenye nguvu, wa pili unaoshika kwa kuotea na mingine isiyofika. Kule asilimia 35 ni mzaha. Kule kampuni moja inaweza kuwa na karibu wateja wote, na si kwa sababu ya ujanja wowote. Ndiyo iliyojenga mnara.

Nina mteja anayeleta viazi mviringo kutoka Umalila. Anatumia simu ndogo ya laini mbili, ile tunayoiita kiswaswadu, ambayo mfuniko wake wa nyuma umeshikiliwa na mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Laini ya kwanza inashika nyumbani kwake. Ya pili haishiki mpaka afike barabara kuu, na anaitunza kwa sababu wanunuzi wake wa Dar es Salaam hutuma fedha huko. Akifika mezani kwangu huweka simu chini, husubiri jumbe za siku mbili tatu ziingie kwa mfululizo, kisha hunitajia kwa kichwa ni nani alituma na ni nani bado. Kwa wachunguzi wa muungano, mtu huyu ni mteja wa kampuni mbili zinazoshindana na kwa hiyo ana chaguo. Ukweli ni kwamba akiwa nyumbani kwake ana kampuni moja, na akiwa mjini ana nyingine, na siku kampuni hizo mbili zitakapoungana atapoteza kitu ambacho hakuna jedwali la taifa litakalokionyesha: uwezo wa kumwambia mnunuzi atume upande ambao makato yake ni nafuu.

Ninachodai hakihitaji utafiti wa gharama kubwa. Wasimamizi wanajua minara iko wapi, wanajua ni ya nani na imebeba mitandao ipi. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, huwalipa watoa huduma ruzuku kwa kuhesabu kata na vijiji. Mikataba iliyosainiwa Mei 2023 ilikuwa ya minara 758 katika kata 713. Ikiwa serikali inaweza kuhesabu kwa kata pale inapotoa fedha, haielekei kwamba inashindwa kuhesabu kwa kata pale inapotoa kibali. Muungano ungeweza kuruhusiwa kitaifa na bado ukawekewa sharti mahususi katika wilaya ambako unafuta ushindani, kwa mfano kulazimishwa kuupokea mtandao mwingine kwenye mnara kwa bei inayosimamiwa.

Hapa nigusie minara yenyewe, kwa kuwa watu hudhani mwenye mtandao ndiye mwenye mnara. Siku hizi mara nyingi si yeye. Kampuni za simu zimeiuza minara yao kwa kampuni zinazofanya kazi ya kuipangisha tu: Airtel Africa, kwa mfano, ilitangaza mwaka 2021 kuiuza minara yake ya Tanzania, yapata 1,400, kwa ubia wa SBA Communications na Paradigm Infrastructure, kwa takribani dola milioni 176. Kwa ushindani wa huku milimani, mauzo ya namna hiyo yanaweza kuwa habari njema kuliko muungano wowote, maana mwenye mnara asiye na mtandao wake hana sababu ya kumfungia mlango mpangaji wa pili. Lakini pia yanamaanisha kwamba kampuni mbili za minara zikiungana, jambo ambalo halitamshtua mteja hata mmoja pale Kabwe, athari yake kwa bei ya huduma vijijini inaweza kuzidi ile ya kampuni mbili zenye mabango.

Sababu nyingine ya kuzuia nyota ni kwamba msimamizi na mwenye hisa wako katika nyumba moja. Serikali ilizirudisha mikononi mwake hisa za TTCL zilizokuwa kwa Bharti Airtel mwaka 2016 kwa shilingi bilioni 14.9, na tangu makubaliano ya 2019 inamiliki asilimia 49 ya Airtel Tanzania badala ya 40 za awali. Sipingi umiliki huo. Gawio linaingia hazina, na hazina ni yetu. Aidha, natambua kwamba hisa ziko chini ya Msajili wa Hazina, TCRA iko chini ya wizara yenye dhamana ya mawasiliano na FCC chini ya ile ya viwanda na biashara, kwa hiyo kwenye karatasi kuna umbali. Hata hivyo, likija siku moja ombi la muungano linaloihusu kampuni ambayo serikali ina karibu nusu yake, umbali wa kwenye karatasi hautamridhisha mshindani, na pengine hata jaji. Kabla siku hiyo haijafika ingefaa utaratibu wa wazi uandikwe wa nani atajitoa katika uamuzi.

Kuna kanuni mbili ambazo hazizungumzi habari ya muungano kabisa, lakini kwa maoni yangu zimewakinga wateja dhidi ya ukubwa wa kampuni kuliko kibali chochote. Moja ni gharama za maingiliano, yaani malipo ambayo mtandao mmoja huulipa mwingine kwa kupokea simu zake. TCRA iliyashusha kwa ratiba iliyotangazwa mapema, kutoka shilingi 15.60 kwa dakika mwaka 2018 hadi shilingi 2.00 mwaka 2022. Wenye umri wangu wanakumbuka enzi za kutembea na laini tatu au nne mfukoni kwa sababu kupiga nje ya mtandao kulikuwa ni anasa. Enzi hizo kampuni kubwa ilivuta wateja kwa ukubwa wake tu, kwani ndugu zako wote walikuwa huko. Ratiba hiyo ilipunguza mvuto huo, na bando za mitandao yote tunazozinunua leo zisingewezekana bila hiyo.

Nyingine ni haki ya kuhama mtandao bila kubadili namba, iliyoanza Machi 2017, ambayo mteja huitumia kwa kufika kwa mtoa huduma anayemtaka na kutuma neno HAMA kwenda 15080. Hii ndiyo dawa inayotajwa kila mara mtu anapoeleza hofu yake kuhusu muungano: usipoipenda kampuni mpya, hama. Nimewasaidia watu kuhama na utaratibu wenyewe haunisumbui. Kinachopungua ni kwamba namba huhama peke yake. Salio la fedha za mtandao halihami nayo, kumbukumbu ya miamala haihami, na ile historia iliyomwezesha mtu kukopeshwa kwa simu huanza upya kama vile jana hakuwepo. Mama lishe wa Soweto ya hapa Mbeya ambaye kila Jumatatu hukopa mtaji wa unga na mafuta kwa simu yake anaweza kisheria kuhama leo jioni, na hatahama. Kibali cha muungano kinachotegemea haki ya kuhama kama kinga ya mteja kinapaswa kuangalia kama kinga hiyo inavalika.

Nifike kwenye kundi ambalo hakuna msimamizi anayeonekana kuliona, nalo ni mawakala. Masharti ya miungano kwa desturi huwataja wafanyakazi, ili wasiachishwe kazi ovyo, na huwataja wateja, ili huduma isikatike. Wakala hayumo katika kundi lolote kati ya hayo. Si mwajiriwa, kwa kuwa ana mkataba wa uwakala alioukuta umekwisha kuandikwa. Si mteja wa kawaida, kwa kuwa floti iliyomo kwenye laini yake ni mtaji wake. Mtandao mmoja, ambao sitautaja na ambao mabadiliko yake si yale niliyoyasimulia hapo juu, ulihamisha mawakala kwenye mfumo mpya kwa usiku mmoja. Asubuhi laini yangu ya uwakala ilifunguka, lakini kumbukumbu za miezi ya nyuma hazikuwemo, na kamisheni ya mwezi uliokuwa unaishia ilikuja pungufu ya ile iliyokuwa kwenye daftari langu. Dukani kwao niliambiwa nilete taarifa ya miamala; nikawaeleza kwamba taarifa hiyo ilikuwa ndani ya mfumo walioufunga wenyewe. Binti aliyenihudumia alikuwa mstaarabu, aliandika kila kitu, na fomu ikaenda Dar es Salaam. Majibu hayakurudi. Kiasi chenyewe hakikuwa cha kufilisi mtu, lakini wakala wa Chunya mwenye mzunguko wa wachimbaji wa dhahabu angeumia mara nyingi zaidi.

Kwamba hatari ya muungano iko katika kuhamisha mifumo kuliko katika karatasi za hisa si ugunduzi wangu. Nchini Marekani, ambako majimbo nayo yana tume zenye kauli juu ya kampuni za simu, kampuni ndogo ya FairPoint ilinunua mtandao wa simu za mezani wa Verizon katika majimbo ya Maine, New Hampshire na Vermont mwaka 2008. Tume za majimbo hazikulala: Vermont iliukataa mpango wa kwanza mwishoni mwa 2007 na kuukubali ule uliorekebishwa mapema 2008, na uchunguzi ulikuwa mkali hasa kuhusu madeni. Mwaka uliofuata FairPoint ilipoziacha kompyuta za Verizon na kuwasha za kwake, ankara zikatoka na makosa, maombi ya wateja yakarundikana, na Oktoba 2009 kampuni ikaomba ulinzi wa mufilisi. Masharti yalikuwepo kwa wingi, na bado kilichomuumiza mteja kilikuwa usiku wa kuhama.

Mfano wa karibu zaidi ni wa majirani zetu Kenya. Airtel na Telkom Kenya zilitangaza kuungana Februari 2019. Mamlaka ya ushindani ikaruhusu Desemba mwaka huohuo kwa masharti, na Agosti 2020 wahusika wakaachana na mpango wote. Kuna wanaosema wasimamizi waliuua muungano ambao ungempunguzia nguvu Safaricom. Mimi nauchukua kama ushahidi dhidi ya wenzangu wa Mwanjelwa: masharti yanaweza kuwa na meno kiasi cha kufanya ndoa isifungwe.

Kwetu, ugumu ni kuyajua masharti yenyewe. Ombi la muungano hutangazwa na watu wenye maslahi hualikwa kutoa maoni, lakini tangazo hilo huishi gazetini na kwenye tovuti, kwa lugha ya kisheria na mara nyingi kwa Kiingereza, na huisha muda wake kabla halijapanda Igawilo. Muungano ukishakubaliwa, habari inayomfikia mteja ni ile inayotoka idara ya matangazo ya kampuni yenyewe, yenye muziki na nembo mpya. Ningependa kuyaona masharti ya FCC na TCRA yamebandikwa kwa Kiswahili pale ambapo kampuni inalazimika kubandika leseni yake, yaani dukani, ili mteja aliyeahidiwa kwamba bei haitapanda kwa muda fulani aweze kuinyooshea kidole karatasi hiyo. Kila Agosti, taasisi za serikali hupanga mabanda yao kwenye uwanja wa John Mwakangale wakati wa Nanenane; banda moja likitumika kueleza muungano mmoja, wakulima wa mikoa yote hii wangeondoka na jambo la maana kuliko kofia.

Kwa sasa, mwenye laini ambaye mtandao wake unaungana na mwingine au unabadilisha mfumo afanye haya kabla ya siku iliyotangazwa: apige *106# kuhakiki kwamba laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA ni zake kweli, aombe taarifa ya miamala na kuihifadhi nje ya simu, na kama ni wakala, achape taarifa ya kamisheni ya miezi ya nyuma na kupunguza floti kwenye laini hiyo kwa siku za mpito. Tatizo likitokea, malalamiko huanzia kwa mtoa huduma, kwa maandishi, na mlalamikaji abaki na nakala yenye tarehe na namba ya kumbukumbu. Asiporidhika huyapeleka TCRA, ambayo kwa wakazi wa kanda hii ofisi yake iko hapahapa Mbeya, na anaweza pia kuomba msaada wa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Uamuzi wa TCRA au wa FCC usipomridhisha, rufaa huenda Baraza la Ushindani, na huko nakala ile yenye tarehe ndiyo itakayoulizwa kwanza.